Kwa nini tunazidisha 6 na −20?

Kuvunja usemi wa kipeo cha pili kuwa mabano mawili yanayozidishana hakusumbui watu ikiwa mbele ya x² kuna 1. Kwenye x² + 7x + 12 unatafuta namba mbili ambazo zao lake ni 12 na jumla yake ni 7. Ni 3 na 4, basi unaandika (x + 3)(x + 4). Kasheshe huanza ukipewa 6x² + 7x − 20.

Hapo mwanafunzi wa kidato cha pili huambiwa azidishe 6 kwa −20, apate −120, kisha atafute namba mbili zenye zao hilo na jumla ya 7. Anafanya, anapewa vema, lakini ukimuuliza 6 na −20 zilikutana wapi, anakutazama tu. Mimi huwa naanzia upande wa pili, kwenye jibu. Fungua mabano haya:

(3x − 4)(2x + 5) = 6x² + 15x − 8x − 20

Ile 15 imetokana na 3 × 5, na −8 imetokana na −4 × 2. Zizidishe zote mbili: 3 × 5 × (−4) × 2. Sasa zipange upya: 3 × 2 ni 6, na 5 × (−4) ni −20. Ni namba zilezile nne, zimebadilishana tu mahali. Kwa hiyo zao la 15 na −8 ni lazima liwe sawa na zao la 6 na −20, na ndivyo ilivyo kwa mabano yoyote utakayofungua.

Ukitafuta jozi hiyo, usianze na 1 na 120. Alama zinapingana, kwa hiyo unataka namba mbili zinazopishana kwa 7 tu. Anza karibu na kipeuo cha pili cha 120, yaani karibu na 11. Jozi ya 10 na 12 inapishana kwa 2, ndogo mno. Inayofuata ni 8 na 15. Umefika.

Kisha andika 7x kama 15x − 8x, ugawe usemi makundi mawili. Kundi la kwanza, 6x² + 15x, linatoa 3x(2x + 5). Kundi la pili, −8x − 20, ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu huandika −4(2x − 5). Ukitoa −4 nje, alama ya ndani inageuka. Mabano mawili yasipofanana, simama hapo hapo ukague alama.

Kuna semi zisizovunjika kwa namba kamili hata ukeshe. Kagua kwanza b² − 4ac, ambapo a ni namba ya mbele ya x², b ni ya mbele ya x, na c ni ile isiyo na x: kwa usemi wetu ni 49 + 480 = 529, yaani 23², kwa hiyo unavunjika. Kwa x² + 6x + 4 ni 20, ambayo si mraba wa namba kamili. Huo ukamilishie mraba: (x + 3)² − 5.

Njia hiyo ya kukamilisha mraba, mwanahisabati Al-Khwarizmi aliieleza kwa michoro huko Baghdad katika karne ya 9. Mfano wake maarufu ni x² + 10x = 39. Ongeza 25 pande zote, upate (x + 5)² = 64, kwa hiyo x ni 3. Jibu la −13 hakulitaja, kwani kwake x ilikuwa urefu wa upande wa mraba. Wewe kwenye mtihani liandike, maana ukiliacha unakatwa maksi.