Siku hizi anayeinamisha kichwa ni kaka

Januari ndio mwezi wangu wa kazi. Desemba Wachaga wanapanda nyumbani, wanachinja, wanakunywa mbege, na sikukuu ikishapoa kidogo ukoo unakaa kuongelea kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kabla watu hawajashuka kurudi Dar. Wiki mbili baadaye wako ofisini kwangu hapa Moshi mjini, na muhtasari wa kikao ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari, sahihi kumi na tano, na ugomvi.

Mirathi na ardhi ndiyo kazi yangu tangu 2003. Watu huniuliza kama harakati za wanawake zimebadili chochote huku mlimani Kilimanjaro au zimeishia kwenye semina na fulana. Huwa nawaambia waangalie ni nani anayeona aibu.

Nilipoanza, binti aliyekuja kuulizia ardhi ya marehemu baba yake alikuja kama mwizi. Alihakikisha mlango umefungwa, akaongea kwa sauti ya chini, na neno la kwanza lilikuwa la kujitetea: "Wakili, sitaki nionekane nagombana na kaka zangu." Waliomsema vibaya zaidi walikuwa shangazi zake mwenyewe: ndoa imemshinda, sasa amerudi kunyang'anya watoto wa kiume. Mwaka juzi walikaa mbele yangu kaka watatu kutoka Kibosho, mkubwa wao ana mvi kichwa kizima, wakibishana ni nani hasa aliyetoa wazo la kuliacha jina la dada yao nje ya muhtasari. Kila mmoja akimsukumia mwenzake. Ilibidi niinamie faili nisionekane nacheka.

Aibu ile haikuhama yenyewe, na wala haikuhamishwa na sheria peke yake. Sheria tulikuwa nayo siku nyingi. Sheria ya Ndoa ni ya 1971. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ikiongozwa na Jaji Mkuu Nyalali ilitamka kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu kwenye rufaa hiyo, lakini hakuna wakili wa talaka nchini asiyelitaja jina lake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Mwanza, alisema Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alikuwa na haki ya kuuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, sawasawa na mwanamume wa ukoo ule.

Hukumu nzuri sana. Sasa nani wa Uru au Rombo angeisoma?

Hapo ndipo vyama vilipofanya kazi ambayo sisi wa majoho tusingeifanya. TAMWA ya waandishi wa habari wanawake ilianzishwa 1987, kikafuata TAWLA cha wanasheria wanawake, na TGNP, mtandao wa jinsia, mwaka 1993. Walizigeuza hukumu zikawa maneno ya redioni na ya sokoni. Mkutano wa Beijing wa 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, uliwapa nguvu na pia ukawapa jina la kejeli: mke akihoji kitu nyumbani anaambiwa ameleta mambo ya Beijing. Mimi naona kejeli ile ilisaidia. Neno likishaingia kilabuni, limeshafika mbali kuliko kipeperushi.

Walibana pia Bungeni. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na ile ya vijiji inabatilisha mila inayomnyima. Lakini kifungu ninachokipenda mimi ni kile kinachosema baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Mzee anayejua kwamba shauri lake litasikilizwa na mama anayeuza ndizi Kiboriloni huchagua maneno tangu anatoka kwake.

Halafu ukaja UKIMWI, na hili halisemwi vya kutosha. Miaka ya tisini wajane walifukuzwa kwenye nyumba walizojenga na waume zao, matanga hayajaisha. KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake kilichoanza hapa Moshi mwaka 1990 kupambana na ugonjwa huo, kiliingia kwenye nyumba hizo. Karibu kila ukoo ulikuwa na mjane wake, na ni vigumu kusema mila ni mila wakati wajukuu zako wenyewe wanalala kwa majirani.

Nisiwape wanaharakati sifa zote. Bei ya kahawa ilianguka, na kihamba kilichogawanywa vizazi vitatu kikabaki migomba michache. Anayelipa bili ya baba hospitali ya KCMC mara nyingi ni binti aliyeko Dar au Arusha. Mzee akiezekewa bati na binti yake, ulimi wa kumwambia hana chake hapa unakuwa mzito.

Na bado kuna pa kugomea. Kiwanja cha mjini na shamba la kununua vinagawiwa watoto wote siku hizi bila kelele nyingi. Kihamba chenyewe, penye makaburi, bado ni cha kitinda mimba wa kiume, na mabinti wengi ninaowahudumia hawakitaki. Wanataka waulizwe tu. Upande wa ndoa napo, shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi lilishinda Mahakama Kuu 2016 na Mahakama ya Rufani 2019, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15. Mwaka ukapita, vifungu vikabaki vilevile.

Februari alikuja meku mmoja, mzee wa Kichaga, kuandika wosia. Alipofika kwenye jina la binti yake wa pili akanyamaza, nami nikajiandaa kwa ile hotuba niliyoizoea. Akausogeza mkongojo wake kidogo pembeni, akaniuliza kuhusu masale, mimea tunayopanda kuweka mpaka: "Hiki kipande chake, masale nipande upande wa mfereji au upande wa kaka yake?" Nikamwambia mpaka wa kaka yake ndio wenye maneno, aanzie huko. Akaniambia niandike na hilo.