Kwa nini Torre Velasca imetanuka juu

Kila nikionyesha picha ya Torre Velasca ya Milan, swali ni lilelile: hicho kichwa hakianguki? Jengo lina ghorofa 26 na urefu wa mita 106, liko karibu kabisa na kanisa kuu la Duomo, na sehemu yake ya juu ni pana kuliko ya chini.

Eneo hilo lilipigwa mabomu mwaka 1943. Ilipofika zamu ya kulijenga upya, kazi walipewa wasanifu majengo wa BBPR, ofisi iliyojiita kwa herufi za majina ya waanzilishi wake wanne. B ya kwanza ni ya Gian Luigi Banfi, aliyefia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Gusen mwaka 1945; wenzake hawakuiondoa herufi yake. Michoro yao ya kwanza ilikuwa ya chuma na vioo, lakini chuma kilikuwa ghali mno Italia ya wakati ule. Wakahamia kwenye zege la nondo, hesabu akazishika mhandisi Arturo Danusso, na mwaka 1958 jengo likakamilika.

Kiwanja kilibanwa na mitaa ya zamani. Ofisi zikawekwa chini, kwenye kiwiliwili chembamba, na fleti zilizohitaji upana zaidi zikapelekwa juu, hewani, ambako hakuna jirani wa kumsukuma.

Sasa tuje kwenye uzito. Fuata nguzo moja ya nje kwa macho: inapanda wima, ikifika chini ya kichwa inainama kwenda nje, kisha inasimama wima tena. Kila inapopinda, uzito hauteremki tu, unasukuma pia kwa ulalo. Kwenye pindo la juu nguzo inataka kufunguka nje, kwa hiyo sakafu ya hapo inavutwa pande zote kama kamba ya mashindano, na nondo ndizo zinazoizuia isikatike. Kwenye pindo la chini ni kinyume: sakafu inabanwa, na kubanwa ndiko zege linakokupenda.

Mwaka 1959, kwenye mkutano wa CIAM, jumuiya ya kimataifa ya wasanifu wa kisasa, kule Otterlo, Uholanzi, msanifu Mwingereza Peter Smithson aliishambulia vikali Torre Velasca, akiona ni kurudi kwenye mambo ya kale. Kweli inafanana na mnara wa ngome. Lakini mimi nikiitazama kwa jicho la miundo, sioni pambo hapo. Hata vile vinguzo vyembamba katikati ya nguzo kuu vina kazi yake: vinashika paneli na madirisha, na hivyo madirisha ya fleti yaliweza kufuata vyumba vya ndani badala ya kupangwa mstari mmoja.