Akaunti ya toor, usiifute kabla hujajua kazi yake

Watu wengi wakifungua /etc/passwd (faili la orodha ya watumiaji) ya FreeBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, mara ya kwanza wanashtuka, chini ya root, yule msimamizi mkuu, kuna mtu anaitwa toor na UID yake (namba ya mtumiaji) nayo ni 0, yaani ana mamlaka yote kama root. Wanajua tayari wamedukuliwa. Hapana, imekuja na mfumo wenyewe, ni urithi wa BSD za zamani, jina ni root kinyumenyume tu, na pale kwenye paswedi imewekewa nyota so hakuna anayeweza kulogini nayo mpaka wewe mwenyewe uifungue.

Ishu yote ni sheli, ile programu inayopokea amri unazoandika. Enzi zile diski zilikuwa ndogo, / (mzizi wa mfumo) ina patisheni yake, yaani kipande chake cha diski, na /usr ina yake, na bash, sheli inayopendwa na wengi, kwenye FreeBSD si sehemu ya mfumo, ukiiweka inakaa /usr/local/bin. Sasa wewe umezoea bash, unambadilishia root sheli, mambo yanaenda freshi tu hadi siku umeme unakatika vibaya, /usr inagoma kumaunti (kuunganishwa na mfumo), unataka kulogini kama root ili uirekebishe na sheli yake imo humohumo ndani ya /usr. Na usiseme siku hizi patisheni ni moja, bash inategemea laibrari za pembeni, apdeti ikivuruga moja tu bash haiwaki.

Basi root muache na sheli ya mfumo (ilikuwa csh, toka FreeBSD 14 ya 2023 ni sh), toor mpe paswedi kisha bash:

passwd toor
chsh -s /usr/local/bin/bash toor

Kuna waliokuwa wanafanya kinyume, root na bash halafu toor abaki na /bin/sh ya dharura, mimi siipendi.

Keneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, inaangalia namba ya UID, haijali jina, kwa hiyo faili alilotengeneza toor ukipiga ls utaona mwenyewe ni root.

Kama huna mpango nayo unaweza kuiondoa kwa vipw (amri ya kuhariri orodha ya watumiaji), ila kama root umempa bash, siku ikigoma utabaki na singo yuza, ile hali ya dharura ya kuwasha mfumo inayokuuliza sheli ya kutumia, na hiyo inataka mtu akae kwenye konsoli, yaani mbele ya mashine yenyewe, seva ikiwa mbali ni msala.

Ripoti ya usalama ya kila siku inaorodhesha wenye UID 0, root na toor ni kawaida. Jina la tatu likitokea hapo ndo uanze kuhangaika.