"Bahari iko Mombasa, sisi huku yatuhusu nini?"

Kazi yangu ni kushauri mikahawa na kamati za mitaa hapa Nairobi kuhusu taka, na swali hilo nimelisikia, kila nikitaja chupa za plastiki zinazofika baharini, hadi limenichosha. Juzi amelileta mwenye mkahawa, pipa lake halina kifuniko na lipo hatua chache tu kutoka mtaroni.

Basi tufuate maji. Mtaro humwaga mtoni. Mto Nairobi hupokea mito ya Mathare na Ngong, kisha huingia Mto Athi. Athi hushuka Fourteen Falls, ambako chupa zetu hurundikana hadi watalii hupiga picha za taka badala ya maporomoko. Ndani ya Tsavo mto huitwa Galana, ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na humwagika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Majina yanabadilika, maji ni yale yale.

Ni kweli si kila chupa inafika. Nyingi hunasa kwenye matete au hufukiwa na mchanga. Lakini hazikai hapo milele: jua huzikausha, zinakatika vipande, na mafuriko ya masika huzoa kilichobaki. Kipande kikishapungua chini ya milimita 5 ni plastiki ndogo, na hakuna kikundi cha kusafisha ufuo kitakachokiokota. Ndiyo maana nasisitiza, hadi wateja wananikwepa: funika mapipa, na weka wavu kwenye mtaro kabla ya Machi. Nimekaa vikao vya kamati vilivyojadili rangi ya geti mpaka jioni, wavu ukapewa dakika mbili za mwisho.

"Si serikali ilipiga marufuku plastiki?" Ilipiga marufuku mifuko, Agosti 2017. Chupa hazikuguswa wakati huo; Juni 2020 zilizuiwa katika hifadhi na fukwe zinazolindwa tu, pamoja na vikombe, sahani na mirija ya kutumia mara moja.

"Ina alama ya mishale, itarejelezwa." Alama hiyo hutaja aina ya plastiki, haiahidi chochote. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi 2015, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa.

"Vyombo vyangu vinaoza." Vingi vya aina hiyo huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Mto Ngong hauna joto hilo. Muulize anayekuuzia vinaozea wapi, umtazame usoni.

"Plastiki huelea, tutaiopoa." Chupa tupu iliyofungwa huelea kwa sababu ya hewa. Ikijaa maji huzama, maana plastiki yake ni nzito kuliko maji ya bahari.

Na wale wanaosubiri mkataba wa dunia kuhusu plastiki: uamuzi wa kuuandaa ulipitishwa hapa hapa Nairobi, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoko Gigiri, Machi 2022. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yaliisha bila makubaliano. Wavu wa mtaro hauhitaji saini ya nchi yoyote, fundi wa kuchomelea anatosha.