Homa Baada ya Tibakemikali: Maswali Tunayoulizwa Wodini

Kwa nini homa ya mgonjwa wa saratani ni dharura?

Dawa za tibakemikali hushambulia seli za saratani, lakini hupunguza pia chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, na mara nyingi chembe hizo hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu ya dawa hizo. Kipindi hicho maambukizi yanaweza kuenea katika damu na kuua kwa muda wa saa chache, na homa inaweza kuwa dalili pekee.

Huku ziwani homa ni malaria. Je, tusianze na dawa ya mseto?

Hapana. Jambo hili tunalikuta mara kwa mara: mgonjwa ameshikwa na homa jioni, iwe Ukerewe au Sengerema, ameletewa mseto na parasetamoli kutoka duka la dawa, joto limeshuka, familia imemshukuru Mungu, na siku ya tatu analetwa akiwa hajitambui. Parasetamoli hushusha joto, haiui bakteria. Malaria ipimwe, lakini ipimwe hospitalini, bila kuchelewesha antibiotiki ya mshipa. Na hata ikionekana, haina maana kwamba hana maambukizi mengine.

Joto likifika kiasi gani?

Nyuzi 38 au zaidi. Tafadhali nunueni kipimajoto, kwa maana kiganja kwenye paji la uso si kipimo. Akitetemeka kwa baridi, ondokeni hata kama joto halijafika hapo.

Ni usiku na kivuko hakuna. Tusubiri asubuhi?

Msisubiri. Nendeni hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Anatibiwa saratani, dripu ya mwisho alipata tarehe fulani." Msikae foleni kimya. Antibiotiki inatakiwa ianze ndani ya saa 1 tangu afike. Rufaa ya Bugando, hospitali ya kanda jijini Mwanza, ifuate baadaye.

Dalili nyingine za kutukimbiza hospitali ni zipi?

Kutapika au kuharisha hadi maji hayakai tumboni, damu isiyokatika puani au kwenye fizi, na kupumua kwa shida.

Bibi anasema apigwe bomba, yaani aingiziwe maji kwa njia ya haja kubwa, ili tumbo lisafishike.

Mwambieni bibi, kwa heshima zote, asifanye hivyo. Bomba huchubua utumbo, na mchubuko huo ni mlango wa bakteria kwa mtu asiye na kinga. Tunaomba mgonjwa afikishwe hospitali kabla ya bomba, kabla ya mseto na kabla ya parasetamoli.