Kiputo ndani ya majimaji yenye kumbukumbu: dhana potofu na ukweli

Hapa tunazungumzia kiputo cha hewa kinachopanda ndani ya majimaji yanayovutika, na jinsi kompyuta inavyouiga mwendo wake.

Dhana: Mnato wa majimaji, yaani uzito wake yanapotiririka, ndio tu unaokichelewesha kiputo.

Asali ni nzito, lakini ukiacha kuikoroga hutulia palepale. Ute wa yai huvutika, kisha hurudi kidogo ulikotoka, kana kwamba unakumbuka. Miyeyusho ya polima, yaani vitu vyenye molekuli ndefu kama minyororo, nayo ndivyo ilivyo: molekuli hizo zikinyooshwa hutaka kujikunja tena, na kujikunja huko huchukua muda. Kwa hiyo katika uigaji, kuipa kompyuta kipimo cha mnato hakutoshi. Huongezwa mlinganyo mwingine, kama wa Oldroyd-B au wa Giesekus, unaofuatilia molekuli zimevutwa kiasi gani, kila mahali na kila wakati.

Dhana: Kiputo kikiongezeka ukubwa, kasi nayo hupanda taratibu.

Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1965 watafiti Astarita na Apuzzo waliripoti kwamba katika baadhi ya miyeyusho ya polima, kiputo kikivuka ujazo fulani kasi yake huruka ghafla, hata mara kadhaa. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba uso wa kiputo, uliokuwa umekakamaa kwa uchafu, umelegea. Yanaingia akilini, ila hesabu inayakataa: katika majimaji ya kawaida yenye mwendo wa polepole, uso mgumu ukiwa huru kasi huongezeka mara 1.5 tu, kama Hadamard na Rybczynski walivyoonyesha mwaka 1911.

Uigaji wa miaka ya karibuni umetoa picha nyingine. Molekuli hunyooshwa kuuzunguka mwili wa kiputo zikiwa upande wa juu, huku mkondo ukizishusha. Zikijikunja kabla ya kufika kiunoni, yaani sehemu pana ya katikati ya kiputo, nguvu yake hukizuia kiputo. Zikichelewa zikajikunja chini ya kiuno, hukisukuma juu. Kiputo kikisukumwa huenda kasi zaidi, molekuli huzidi kuchelewa, na msukumo huongezeka. Ndiyo maana kasi huruka, haipandi taratibu.

Dhana: Majimaji ya nyuma hukifuata kiputo.

Ya karibu kabisa, ndiyo. Lakini yaliyo mbali kidogo chini yake huweza kushuka, yaani kwenda kinyume na kiputo. Hassager alieleza jambo hili mwaka 1979.

Dhana: Uigaji ukivunjika, tumia gridi (mgawanyo wa majimaji katika vyumba vya kukokotolea) yenye vyumba vidogo zaidi.

Nani hajajaribu! Mara nyingi programu huvunjika mapema zaidi. Unyumbufu ukizidi, yaani namba ya Weissenberg ikiwa kubwa, mvutano hupanda kwa kasi ya kutisha karibu na uso wa kiputo, na makosa ya ukadiriaji hutoa thamani hasi pale ambapo kimaumbile hasi haiwezekani. Mwaka 2004 Fattal na Kupferman walipendekeza kukokotoa logarithimu ya tensa (jedwali la namba) inayobeba kiasi cha kunyooka kwa molekuli badala ya tensa yenyewe. Ukiirudisha, thamani hubaki chanya daima. Kwa maoni yangu, hila hii imesaidia kuliko kompyuta kubwa.

Dhana: Kiputo ni cha mviringo, basi kukikokotoa kama mchoro bapa wa vipimo viwili kunatosha.

Kukokotoa nusu ya umbo na kulizungusha huokoa muda mwingi, na kwa viputo vidogo hakuna shida. Ila mkia wa kiputo kikubwa huchongoka, na maabara imeonyesha kwamba ncha hiyo huweza kuwa kama makali ya kisu: ukiitazama upande mmoja ni nyembamba, upande wa pili ni pana. Programu iliyolazimishwa kuwa na ulinganifu wa mviringo haitaliona umbo hilo kamwe, hata ikokotoe wiki nzima.