Kifua kisichosikia dawa ya TB

Wagonjwa wenye magonjwa adimu ya mapafu hunijia na daftari mkononi. Hapa Uganda watu wengi bado hubeba kumbukumbu zao za matibabu katika daftari la shule, na katika madaftari ya wagonjwa hawa neno TB huwa limeandikwa mara kadhaa, kwa miandiko tofauti, na pengine mtu amemaliza miezi sita ya dawa akaanzishwa upya. Siwalaumu walioandika. Shirika la Afya Duniani liliiweka Uganda katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa kipindi cha 2021 hadi 2025, na daktari wa wilayani akimwona mtu aliyekonda, anayekohoa na kutokwa jasho usiku, ana kila sababu ya kuanzia hapo. Ninachopinga ni kile kinachofuata: vipimo vinarudi bila bakteria, mgonjwa hapati nafuu, na bado anaambiwa aendelee na dawa kwa tahadhari. Dawa ya TB kwa mtu asiye na TB ina madhara yake, na katika magonjwa ninayoyaeleza hapa huweza hata kuharibu kazi ya dawa anayoihitaji kweli.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotafuta ni kama bakteria wa TB aliwahi kuonekana. Mashine ya Xpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2010, hutafuta vinasaba vya bakteria huyo katika makohozi na kutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili. Jibu hasi moja haliiondoi TB, hasa kwa mwenye VVU asiyeweza kutoa makohozi ya kutosha, lakini majibu hasi yakirudiwa, na mwezi wa pili wa dawa ukapita bila uzito kupanda wala homa kushuka, mimi huanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kumwona mgonjwa huyo. Nauliza kazi aliyofanya tangu ujana. Karamoja, Busia na Mubende wapo watu waliovunja na kusaga mawe ya dhahabu kwa miaka mingi, na vumbi la silika huacha pafuni vinundu vinavyofanana mno na TB katika eksirei. Tena ugonjwa huo wa vumbi, uitwao silikosisi, wenyewe huongeza hatari ya kupata TB, kwa hiyo magonjwa hayo mawili huweza kukaa katika kifua kimoja. Nauliza pia habari za njiwa na kuku wanaofugwa ndani, mahindi yaliyoota ukungu ghalani, na moshi wa kuni.

Baada ya hapo nautazama mwili, na kazi hii haihitaji umeme. Ncha za vidole zilizonenepa na kucha zilizojipinda hunionya kwamba ugonjwa ni wa muda mrefu. Kinywani natafuta mabaka ya zambarau kwenye kaakaa, kwa sababu saratani ya Kaposi huingia hata mapafuni. Nikiweka stetoskopu sehemu ya chini ya mgongo, mapafu yenye makovu hutoa mlio mkavu mwishoni mwa kuvuta pumzi, kama mkanda wa sandali za kunata unapobanduliwa taratibu, ilhali TB ya watu wazima kwa kawaida hupenda sehemu za juu za mapafu. Kisha namwomba mgonjwa atembee kwenye ujia wa mita 30 kwa dakika sita. "Mama, tembea kwa mwendo wako, ukichoka simama, mimi nahesabu muda." Aliyekuwa na oksijeni ya asilimia 95 akiwa ameketi huweza kushuka hadi 84 kabla ya dakika hizo kwisha, na hapo ndipo jamaa zake hukubali kwamba hakuwa mvivu. Nawakumbusha wahudumu mambo mawili kuhusu kile kipimo cha kidoleni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi huweza kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwenye damu, na mtu anayeishi Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huwa na oksijeni ya chini kidogo kuliko mwenzake wa Kampala hata akiwa mzima.

Eksirei ya kawaida haitoshi kwa magonjwa haya. Ninaomba CT skani, yaani picha ya eksirei inayoonyesha mapafu kipande kwa kipande, ya vipande vyembamba, mgonjwa akiwa amevuta pumzi, kisha akiwa ameitoa, na mara nyingine akiwa amelala kifudifudi ili nijue kama kivuli kilicho mgongoni ni ugonjwa au ni uzito wa pafu tu. Gharama yake huwaumiza watu wengi, nami sipendi kuiagiza kabla sijajua swali ninalotaka lijibiwe.

Chukua mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye pafu lake limewahi kusinyaa ghafla zaidi ya mara moja, hewa ikajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, akawekewa mrija na kupewa dawa za TB. CT yake ikionyesha vifuko vya duara vyenye kuta nyembamba vimetapakaa mapafu yote, juu na chini, nitafikiria limfanjioleiomaiomatosi, ambayo sote huiita LAM. Huwapata karibu wanawake tu, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Naangalia figo zake, kwa maana uvimbe wenye mafuta huko huimarisha ushahidi, na kama kuna maji kifuani nataka kujua rangi yake, kwani katika LAM huweza kuwa meupe ya limfu. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinasimamishwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba dawa ya sirolimusi hutuliza kasi ya kupungua kwa uwezo wa mapafu, ingawa haiponyi. Sasa tazama mtego uliopo: rifampisini, iliyo katika kila kidonge cha TB cha kawaida, huchochea ini kuivunja sirolimusi haraka, hivi kwamba mgonjwa huimeza bila kupata faida yake.

Rifampisini hufanya vivyo hivyo kwa itrakonazoli, dawa ya kuua ukungu, na hili linatugusa wengi zaidi. Shimo lililoachwa na TB iliyopona huweza kukaliwa na ukungu wa aspergilasi. Mtu huanza tena kukohoa damu na kukonda, na wote huapa kwamba TB imerudi. Utafiti uliofanyika Gulu na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta ugonjwa huu kwa karibu watu 5 katika kila 100 waliowahi kutibiwa TB. Kwa hiyo kuuita adimu ni kosa letu la kutoutafuta. Kipimo cha damu cha kingamwili pamoja na CT hutosha mara nyingi, na matibabu ni itrakonazoli kwa miezi sita au zaidi, vidonge vikimezwa pamoja na chakula na bila omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa kuwa huhitaji asidi ya tumbo ili vifyonzwe.

Makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo ndiyo yanayoninyima usingizi. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, ni rahisi na huagizwa kwa kila anayehema, lakini jaribio la Marekani la mwaka 2012 lilionyesha kwamba kwa wagonjwa hawa prednisoni, ndugu yake, ikichanganywa na dawa za azathioprini na asetilisisteini iliongeza vifo. Nintedanibu na pirfenidoni, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hupunguza kasi ya makovu tu, na bei yake iko mbali na mifuko ya wengi. Prednisoloni ina nafasi yake katika sakoidosisi, ugonjwa wa vinundu vya uvimbe mapafuni, na katika mzio wa mapafu unaoletwa na ndege au ukungu, mradi chanzo kiondolewe pia. Kabla ya kuianza kwa dozi kubwa napima VVU, narudia Xpert, natoa ivamektini dhidi ya minyoo ya strongiloidi inayoweza kusambaa mwilini kinga ikishuka, na kama dozi itaendelea mwezi au zaidi naongeza kotrimoksazoli, antibiotiki ya kukinga maambukizi ya mapafu.

Ugonjwa ukifika mwisho, mtambo wa oksijeni nyumbani hutegemea umeme usiokatika, na kupandikiza mapafu hakufanyiki hapa nchini. Tulicho nacho, na tunakitumia kidogo mno, ni mofini ya kunywa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, iliifanya iwe jambo la kawaida kwa maumivu ya saratani, na tangu mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa huduma ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa kuiandika. Dozi ndogo hupunguza pia ile hisia ya kukosa pumzi isiyotulia kwa dawa nyingine. Familia huogopa kwamba itamzimisha mzee wao, kwa hiyo dozi ya kwanza naitoa kliniki, miligramu 2.5, wakiwepo, na tunakaa naye mpaka waone kwamba anaongea. Baadaye huinywa kila baada ya saa nne, pamoja na bisakodili, dawa ya kulainisha choo, ya usiku, kwa sababu mofini hufunga choo, na mtu anayejikamua chooni huishiwa pumzi upya.